Joomla kwa tovuti ya wanachama: uzoefu wangu

Joomla ni mfumo wa kuundia na kusimamia tovuti, na jina lake limetokana na neno letu "jumla". Watengenezaji walilichukua mwaka 2005 walipojitenga na mfumo ulioitwa Mambo, kwa hiyo kwa majina tu Mswahili anajiona yuko nyumbani. Ugeni unaanza akifika kwenye ruhusa, yaani nani aone nini. Nimeitumia Joomla kwa tovuti zenye kurasa za wanachama pekee, na naikubali kwa sababu moja kubwa: tangu toleo la 1.6 la mwaka 2011, kufuli limo ndani ya mfumo wenyewe, huhitaji kupachika kiendelezi (programu ya nyongeza). Tatizo ni kwamba anayeanza hulitundika kufuli hilo mahali pasipo mlango.

Kwanza tenganisha vitu viwili vinavyofanana kwenye skrini. Kundi linasema mtu ni nani. Ngazi ya kuona, iliyoandikwa Access Levels, inasema makundi gani yaone kitu fulani. Makala haipewi kundi, inapewa ngazi. Ukilikosa hilo utazunguka siku nzima.

Nenda Users, kisha Groups, fungua kundi jipya uliite Wanachama na mzazi wake awe Registered, kundi la waliojisajili. Halafu ingia Access Levels, unda ngazi iitwayo "Wanachama tu", utie tiki kwenye kundi la Wanachama na kwenye Super Users, wasimamizi wakuu, pia. Hiyo tiki ya pili wengi huiruka, wakidhani msimamizi mkuu anaona kila kitu. Haoni. Ataingia kwa upande wa wageni, makala aliyoiandika mwenyewe isionekane, naye aanze kuitafuta kwenye takataka. Urithi nao una mwelekeo mmoja: ukiunda kundi la Kamati chini ya Wanachama, Kamati itaona vya Wanachama bila tiki nyingine, lakini Wanachama hawataona vya Kamati.

Sasa mlango wenyewe. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kuipa ngazi menyu peke yake. Kiungo kinatoweka machoni pa mgeni, mwenye tovuti anaridhika, kumbe makala bado iko Public, wazi kwa wote, na inafikiwa kupitia utafutaji, lebo, au anwani ambayo mtu amemtumia mwenzake. Funga kategoria. Joomla inapomfungulia mtu makala hukagua ngazi ya makala na ya kategoria yake kwa pamoja, hivyo kategoria iliyofungwa inafunika makala zote zilizomo hata kama moja moja zimesahaulika. Kategoria ndogo zifunge moja moja, usitegemee mzazi. Menyu na moduli (visanduku vinavyozunguka makala kwenye ukurasa) zifuate baadaye. Hizo ni za kupendezesha.

Kuna swichi moja kwenye mipangilio ya makala, Show Unauthorised Links. Ikiwa Yes, mgeni anaona kichwa na utangulizi, kisha anaombwa aingie. Ni chambo kizuri ukiwa umekusudia. Kama siri yako imo kwenye aya ya kwanza, iweke No.

Faili ni habari nyingine, na hapa nauondolea mfumo alama. PDF uliyoipandisha kwenye folda ya images hailindwi na ngazi yoyote, kwa kuwa seva huitoa moja kwa moja bila kuiuliza Joomla. Mwenye anwani anaipakua, awe mwanachama au asiwe. Mihutasari na ripoti ziweke nje ya folda ya umma, zitolewe na kiendelezi cha nyaraka kinachokagua ruhusa kabla ya kukabidhi faili.

Usajili ninauweka kwenye idhini ya msimamizi. Mwombaji anathibitisha barua pepe yake kwanza, ndipo msimamizi apate kiungo cha kumkubali. Kiungo hicho huenda tu kwa wasimamizi ambao akaunti zao zimewashwa Receive System Emails. Ikizimwa kwa wote, maombi yanakaa kimya. Barua nazo zitume kwa SMTP, yaani kupitia seva ya barua pepe, mlango (port) 587 na usimbaji wa STARTTLS, badala ya PHP Mail, yaani seva ya tovuti kutuma yenyewe, ambayo barua zake huishia mara nyingi kwenye taka. Kitufe cha barua ya majaribio kipo hapohapo chini ya mipangilio ya barua, kibonyeze kabla ya kumwalika mtu.

Muda wa kikao, yaani muda mtu anaoweza kukaa bila kufanya kitu kabla ya kutolewa, ni dakika 15 unapousakinisha mfumo. Kwa wanachama wanaoandika maelezo marefu ni mfupi, nami huuweka 60.

Kupima: tumia vivinjari viwili, kimoja kwa dirisha la faragha kama mgeni, kingine kwa akaunti ya majaribio iliyo kwenye kundi la Wanachama pekee. Usipime kwa akaunti yako ya usimamizi. Bandika anwani kamili ya makala kwa mgeni, usiishie kuangalia menyu.

Kilichopungua kabisa ni ada. Mfumo haujui uanachama ulioisha; utamzuia mtu kwa mkono au utatafuta kiendelezi cha michango. Ukijua utakihitaji, kichague kabla ya kupanga makundi, maana viendelezi hivyo huwahamisha watu kutoka kundi hadi kundi vyenyewe, na mpangilio ulioufanya mapema huenda ukalazimika kuuvunja.