SheTrades na mkopo wa halmashauri: uzoefu wangu wa kuuza vikapu nje

Nauza vikapu vya milulu vya hapa Iringa, na kina mama wengi wananiuliza kama SheTrades, mpango wa kuwasaidia wanawake kufikia masoko ya nje, inatoa hela. Jibu: kujiunga ni bure, na ukijiunga hupewi hela. Unapata masomo ya mtandaoni na nafasi ya kuonekana na wanunuzi. Ni mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC) cha Geneva, ulioanza 2015. Hela mnayoisikia ni ya mfuko mwingine, WEIDE, wa wanawake wanaouza nje kwa njia ya mtandao, ambao ITC na Shirika la Biashara Duniani waliuzindua Abu Dhabi Februari 2024, ukiwa na lengo la dola milioni 50. Ulianza na nchi nne: Nigeria, Jordan, Mongolia na Jamhuri ya Dominika. Kwa hiyo dada, mtu akikudai "hela ya fomu" ili akuingize, usimpe hata shilingi.

Mtaji wetu ulitoka halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mnakopa kikundi, riba hakuna. Kwa kununua milulu na kulipa wasukaji, mkopo huu ni mkombozi. Kwa soko la nje si rahisi, maana tarehe ya marejesho inafika wakati mzigo bado uko njiani.

Masomo ya SheTrades ndiyo yaliyonifaa zaidi, hasa la kupanga bei. Lilinifanya nikae na futi kamba. Wasafirishaji wengi wa vifurushi kwa ndege hupima pia ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, unapata kilo; zikizidi uzito halisi, unalipia hizo. Boksi la 40 kwa 40 kwa 30 linalipiwa kilo 9.6, hata kama kikapu kilichomo hakifiki kilo moja! Sasa tunasuka seti za vikapu vitatu vinavyoingiana, boksi moja linatosha, na nauli inagawanyika.

Jambo jingine la kujua kabla hujaweka bei ni ushuru. Tangu 29 Agosti 2025 Marekani imefuta msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800, hivyo mteja wa kikapu kimoja naye anatozwa. Ndiyo maana nashauri mtafute wanunuzi wa jumla, wanaolipa nusu mapema kwa benki.

Je, nashauri ujiunge? Ndiyo, kwa moyo wote, ila masomo niliyochukua ni ya Kiingereza, kwa hiyo mkae wawili watatu msaidiane. Na kwa wanaopanga mikopo ya wanawake: tunaomba marejesho ya kikundi kinachouza nje yaanze mnunuzi akishapokea mzigo.