Kompyuta ya kusimamia mtandao: ipi ununue ukiwa Kigoma

Swali ninaloulizwa sana hapa Mwanga halihusu programu, linahusu mashine. Mtu ameshafunga AP (vile visanduku vya kurusha Wi-Fi) sita kwenye gesti yake, au anauza vocha za Wi-Fi kule Ujiji, fundi kamwambia apakue UniFi au Omada, programu za kusimamia hizo AP, na sasa yuko dukani na oda yake kichwani: Core i7, RAM 16, diski ya tera moja. Namba hizo zinapendeza kwenye risiti. Kwa kazi hii, hela nyingi hapo inapotea bure. Vitu vinavyozima mashine za namna hii huku kwetu havisomeki kwenye risiti: umeme unaokatika, diski iliyochoka, na prosesa isiyofaa.

Nimepanga chaguo kuanzia ninaloliunga mkono hadi ninalolikataa. Nawafikiria wenye mtandao wa kawaida: AP kati ya 3 na 30, rauta moja au mbili, swichi chache. Mwenye minara yake ya kurusha intaneti hadi Uvinza ana hesabu nyingine.

Programu inataka nini hasa

UniFi Network inaanza kufanya kazi na RAM ya GB 2, ila ukiipa 4 inapumua. Nafasi ya GB 20 kwenye diski inaitosha kwa muda mrefu. Ndani yake kuna Java na hifadhidata ya MongoDB, na hiyo MongoDB tutairudia kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu. Omada ya TP-Link, ile ya kusakinisha kwenye kompyuta, ni ya ukoo huohuo: Java, MongoDB, mfumo wa biti 64.

PRTG ya Wajerumani wa Paessler ni programu ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao, na seva yake inakaa kwenye Windows. Toleo lake la bure lina sensa 100 (sensa ni kitu kimoja kinachopimwa kwenye kifaa), na kifaa kimoja hula kama sensa 10 bila shida, kwa hiyo fikiria vifaa kumi, si mia. Zabbix na LibreNMS, za kazi hiyohiyo, ni za bure kabisa, lakini seva zake ni za Linux tu. Waandishi wa Zabbix wanapendekeza kori 2 na RAM ya GB 8 kwa vipimo 1,000 hivi. Ukiwa na vifaa 20, kila kimoja ukikipima vitu 40 kila dakika, umeshafika vipimo 800. Hiyo ni rekodi zaidi ya milioni moja kwa siku. Kila rekodi inachukua baiti 90 hivi, hivyo ukihifadhi siku 90 unafika GB 9 na kidogo. Hiyo tera moja unainunua ya nini?

Kama vifaa vyako vyote ni vya chapa ya MikroTik, huenda huhitaji kompyuta kabisa. Programu yao ya kufuatilia vifaa, The Dude, inasakinishwa ndani ya rauta yenyewe. Ile hEX ndogo ya RB750Gr3, yenye RAM ya MB 256 na tundu la kadi ya microSD, inaibeba, na wewe unaitazama kupitia programu ya Windows kwenye kompyuta yako ya kawaida. Vocha za hotspoti nazo zinakaa kwenye rauta. Mtu wa MikroTik anunue kadi nzuri na UPS, hela inayobaki airudishe kwenye biashara.

Kwa UniFi mambo ni tofauti. AP zinaendelea kurusha Wi-Fi hata kompyuta ikizimwa, lakini ukurasa wa mteja kuingiza vocha unategemea kompyuta hiyo iwe hai saa 24. Anayeuza vocha hawezi kusema nitaiwasha nikiwa na kazi nayo. (Na leseni ya TCRA ni mazungumzo ya siku nyingine, ila usijifanye huyajui.)

Kitu cha kuangalia kabla ya RAM

MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inakataa prosesa ya Intel au AMD isiyo na AVX, yaani kundi fulani la maelekezo ya hesabu ndani ya prosesa. Intel walianza kuiweka mwaka 2011 kwenye Core i3, i5 na i7 za kizazi cha pili. Lakini Celeron na Pentium waliendelea kuzinyima kwa miaka mingi. Celeron N4020 na J4125, ambazo bado unazikuta kwenye maboksi mapya, hazina. Matokeo yake kompyuta mpya yenye nailoni kwenye kioo inashindwa kazi ambayo i5 ya mwaka 2012, imechubuka kila kona, inaifanya bila jasho.

Dalili yake inachanganya. Usakinishaji unakwenda vizuri hadi mwisho, huduma inawaka sekunde mbili, inakufa. Ukiiwasha tena, inakufa tena. Fundi anabadilisha toleo la Java, anafuta, anaanza upya, usiku unaisha, na tatizo liko kwenye chuma. Yapo matoleo ya zamani, kama 4.4, yasiyodai AVX, lakini 4.4 iliacha kupata marekebisho Februari 2024. Kununua mashine leo kwa kutegemea hilo ni kujitafutia kazi.

Dukani, ikiwa kuna Windows, fungua CPU-Z usome mstari wa maelekezo ya prosesa. Ikiwa kuna Linux, andika `grep avx /proc/cpuinfo`. Kama skrini inarudi tupu, rudisha mashine kwenye shelfu.

1. Kompyuta ndogo za mtumba za ofisini

Hizi ndizo ninazozipigia debe: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro. Zina ukubwa wa kitabu kinene, zimetoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, na wauzaji wa Kariakoo wanazo kwa wingi. Chukua i5 ya kizazi cha sita kwenda juu, RAM ya GB 8, SSD ya GB 240 au 256. Core i5-6500T ina kori nne, ina AVX, na ikiwa na kazi ndogo kama hii inakula wati kumi na kitu.

Hapo kwenye wati ndipo ushindi wake ulipo. Mashine ya wati 12 inayowaka mwezi mzima inakula kama uniti 9 za LUKU. CPU kubwa ya mezani ya wati 60 inakula uniti 43. Kama gesti yako ni ndogo na bado uko kundi la D1, lile la uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, hiyo CPU peke yake imeshakula zaidi ya nusu kabla hujawasha friji. Ukipita 75 unajua kinachokupata.

Unapoijaribu, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla mfumo haujawaka) utafute kipengele cha mashine kujiwasha umeme ukirudi. Kwenye hizi za ofisini huwa kipo. Kiwashe, toka, chomoa waya wa umeme mashine ikiwa inafanya kazi, subiri, rudisha. Ikijiwasha yenyewe bila kuguswa, ina sifa ya kuishi Kigoma. Halafu izime, ichomoe, ikae kama dakika kumi, washa utazame tarehe. Ikirudi miaka ya nyuma, betri yake ya CR2032 imekufa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini usipokibadilisha ile mipangilio ya BIOS uliyoiweka itafutika siku umeme ukikatika muda mrefu.

Kuhusu SSD, tumia CrystalDiskInfo uone afya na saa ilizowaka. Ikiwa imekuja na diski ya kuzunguka, mwambie muuzaji atoe, aweke SSD mpya, uongeze tofauti. MongoDB na Zabbix zinaandika kwenye diski mfululizo, na diski ya kuzunguka iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar siiamini.

Wengine wanaagiza Kariakoo ili kuokoa hela. Mimi naona bora kuongeza kidogo ununue kwenye duka la hapa mjini, hata ile ya dhamana ya miezi mitatu, kwa sababu dhamana ya kutembea kwa miguu ina thamani kuliko ya kutuma mzigo.

2. Mini PC mpya zenye Intel N100

Kiufundi zinaizidi namba moja: kori nne, AVX ipo, prosesa ya wati 6. Nyingi zinatumia adapta ya volti 12, hivyo unaweza kuziunga kwenye UPS ndogo za volti 12 zile za rauta, mradi ampea zinatosha. Nimeziweka ya pili kwa sababu ya vipuri. Adapta ya Lenovo, HP au Dell utaipata hapa mjini; ubao wa chapa isiyojulikana ukifa, umekufa. Soma jina la prosesa herufi kwa herufi pia. Kwenye kasha lilelile na rangi ileile wanauza za N3350 na J4125, na nimeshakwambia habari zake.

3. Kidhibiti kilichotengenezwa tayari

OC200 ya Omada na Cloud Key Gen2 ya UniFi ni visanduku vya kazi hiyo tu. Mahitaji ya mfumo hayakuhusu tena: unachomeka waya wa mtandao kutoka kwenye swichi ya PoE, umeme na data vinapita humohumo. OC200 inabeba hadi vifaa 100 vya Omada. Cloud Key Gen2 ina betri ndogo ndani inayoiwezesha kujizima kwa utaratibu umeme ukikatika, jambo ambalo kwa huku kwetu lina uzito. Ubaya wake ni kwamba umefungwa kwenye chapa moja, na huwezi kupachika Zabbix pembeni. Shule ya bweni au zahanati isiyo na fundi wa karibu ningeielekeza hapa moja kwa moja, tena ningeipandisha iwe namba moja.

4. Seva ya kukodi mtandaoni

Kwa mwenye sehemu moja, siipendekezi: intaneti ikikatika huoni chochote, na bili inakuja kwa dola kila mwezi. Ila mwenye gesti mjini, nyingine Kasulu na nyingine Kibondo, huyu anafaidika. AP zinaipigia seva zenyewe kupitia bandari ya 8080, kwa hiyo hazijali kwamba laini zako za simu hazina anwani ya IP ya wazi. Usichukue ya RAM GB 1 kwa UniFi.

5. Laptopu ya zamani

Inavutia kwa sababu ina betri yake na pengine tayari ipo kabatini. Kwa majaribio, sawa. Lakini betri iliyochomekwa saa 24 kwenye joto inavimba, na laptopu nyingi betri ikiisha kabisa hazijiwashi umeme ukirudi. Ukiwa safarini Tabora, nani ataibonyeza?

6. Raspberry Pi

Pi 4 inapigwa na ukuta uleule wa MongoDB mpya, maana prosesa za aina ya ARM, kama yake, zinatakiwa ziwe za v8.2 na yenyewe haijafika. Pi 5 imefika. Tatizo linalobaki ni kadi ya microSD, inayochoshwa na kuandikwa kila sekunde. Ukishanunua Pi 5, adapta yake ya wati 27, kasha, feni na SSD, umeshaikaribia bei ya namba moja bila kuipata.

7. CPU kubwa na seva za raki

Hapana. Seva ya raki ya mtumba ni rahisi kuinunua na ghali kuilisha, na kelele yake wageni wa gesti wataisikia.

UPS na mfumo endeshi

UPS inunue kabla ya kuongeza RAM, na ichague yenye tundu la USB, ili mashine ipate taarifa na kujizima yenyewe betri ikikaribia kuisha. Zile za bei ya chini kabisa hazina. Hifadhidata ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika, na hapo utaijua thamani ya nakala rudufu. Weka ijitengeneze kila usiku na uitoe nje ya mashine hiyo. Rauta na swichi ya PoE ziwe kwenye UPS hiyohiyo, la sivyo unailinda kompyuta isiyo na cha kusimamia.

Mfumo endeshi nao una sehemu yake kwenye bei. Windows 10 iliacha kupata msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai Intel ya kizazi cha nane. Kwa hiyo kama unakwenda PRTG, ruka zile za kizazi cha sita, tafuta i5-8500T. Kama ni UniFi, Omada au Zabbix, weka Ubuntu Server (ni Linux) ya LTS, toleo linalohudumiwa muda mrefu, na kizazi cha sita kitakutosha. Umwambie muuzaji hivyo mapema, asikuongezee bei ya Windows utakayoifuta jioni hiyohiyo.