LOD: kamusi ya Kiluxemburgi ninayoingia nayo zamu

Mnaohamia Luxemburg mnaniuliza sana muanze na nini. Anzeni na LOD. Ni kamusi ya bure, ipo lod.lu, na inasimamiwa na kituo cha serikali cha lugha yao.

Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea hapa Esch. Wenzangu wengi huvuka mpaka kila asubuhi kutoka Ufaransa, kwa hiyo sisi kwa sisi ni Kifaransa, na mkataba wangu pia ni Kifaransa. Mwanangu shuleni kafundishwa kusoma kwa Kijerumani. Lakini bibi wa chumba cha mwisho akitaka maji usiku wa manane, anaomba kwa Kiluxemburgi, na huwezi kumwambia asubiri mkalimani.

Ukitafuta neno unapewa maana kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Hicho Kireno kimenifurahisha. Sheria ya lugha ya 1984 inataja Kiluxemburgi kuwa lugha ya taifa, na kwa mambo ya ofisi inaongeza Kifaransa na Kijerumani tu. Kireno hakimo, ingawa Wareno ndio wageni wengi kuliko wote nchini. Kamusi imewaona. Kiswahili bado, mimi napitia Kiingereza.

Ninachokipenda zaidi ni sauti. Naosha vyombo, nabonyeza, narudia kwa nguvu, mwanangu anacheka halafu ananisahihisha kama mwalimu mkuu. Wingi wa neno umewekwa palepale, na hilo ni jambo kubwa, maana wingi wa lugha hii hauna adabu hata kidogo: hujui neno litageuka vipi mpaka uone.

Kwa mtihani wa lugha wa uraia, Sproochentest, haitoshi peke yake. Sheria ya uraia ya 2017 inataka kusikiliza kwa kiwango cha B1, yaani cha kati, na kuzungumza kwa A2, hatua moja chini yake, na kamusi haikujibu ukiisemesha. Tafuteni darasa, kisha tafuteni mtu mwenye subira, kwa sababu dukani ukisitasita kidogo tu muuzaji anahamia Kifaransa, tena kwa nia njema kabisa. Mimi siku hizi nang'ang'ana na Kiluxemburgi changu hivyohivyo, foleni isubiri.

Nyota nne kati ya tano. Wanaoanza kazi za ulezi, tangulizeni viungo vya mwili na vitu vya chumbani. Siasa mtajifunza baadaye.