Dawa za Tumbo Marikiti: Ipi Ununue Kwanza

Ukifika Marikiti, soko la viungo la Mombasa, tumbo limejaa, usimwambie muuzaji "nipe dawa ya tumbo." Utapewa pakiti ya unga uliochanganywa, haina jina wala tarehe, na hutajua umekunywa nini. Taja linalokusumbua: gesi, kichefuchefu au choo kigumu.

Kwa gesi baada ya pilau au maharagwe ya nazi, shamari (fennel) ndiyo ya kwanza. Inunue nzima, gramu 50 zatosha kuanzia. Sugua punje chache viganjani, unuse. Nzuri ina ukijani, na harufu yake tamu hupanda puani papo hapo. Ikiwa kahawia na inanuka gunia, mrudishie. Angalia usipewe jira, yenye punje nyembamba, nyeusi kidogo na harufu ya pilau. Zile zilizopakwa sukari ya rangi ni za kutafuna baada ya biriani tu. Twanga kijiko kimoja cha chai hadi punje zipasuke, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, kisha funika dakika 10. Wengi hawafuniki, harufu ikaishia jikoni, na mafuta yanayotoa harufu hiyo ndiyo yanayotafutwa.

Ya pili tangawizi, ingawa kwa kichefuchefu haina mpinzani. Chagua mbichi, ngumu, ngozi haijakunjamana. Kidole chake ukikivunja kilie. Vipande vinne vyembamba kwa kikombe, chemsha dakika 10. Ikizidi huleta kiungulia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Choo kikiwa kigumu, chukua isabgol, yaani maganda ya mbegu za psyllium. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, koroga, kunywa hapo hapo, ufuatishe maji mengine. Iache kidogo uone: inavimba, inakuwa ute mzito. Ndiyo maana ukiimeza kwa maji haba yaweza kukwama kooni au kuziba utumbo. Dawa nyingine ziachanishe nayo saa 2.

Nanaa hutuliza msokoto, ila mwenye kiungulia aiache: hulegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda. Mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali, usimpe mtoto mchanga, hata bibi akishikilia.

Sanamaki (senna), majani ya kulainisha choo, tunaiweka mwisho. Inafanya kazi kweli, ndani ya saa 6 hadi 12, lakini majani ya kukisia kwa mkono hayana kipimo. Leo hakuna kitu, kesho unashinda chooni. Afadhali vidonge vyake vya famasi, visizidi wiki moja. Mjamzito asijinunulie.

Weka vyote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Kwa unyevu wa Mombasa, karatasi ya dukani haikawii kuleta ukungu.

Ukiharisha maji matupu, viungo hivi viache dukani. Nunua ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, uichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiona damu, choo cheusi kama lami, au maumivu makali upande wa kulia chini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.