Siku nne kwa Waachuar, Ekuador: uzoefu wangu

Nyota nne. Ya tano nimemnyima wakala wa safari aliyenipeleka, si wenyeji, na sababu nitaisema.

Waachuar ni kabila la msituni, wako Amazonia ya Ekuador, karibu na mpaka wa Peru, na barabara haifiki. Kutoka Quito unashuka kwa basi hadi mji mdogo unaoitwa Shell. Ndiyo, ni kampuni ile ile ya mafuta: ilikuja kuchimba miaka ya 1930, ikaondoka ikaacha jina. Hapo unapimwa kwenye mizani wewe na begi lako, kisha mnaingia kwenye kindege kidogo, na chini ni msitu mtupu. Waachuar wamekataa katakata mafuta yasichimbwe kwao, halafu kwenda kwao unaanzia Shell. Kichekesho hicho nilikipata nikiwa tayari hewani.

Nyumba niliyofikia haina kuta, ni paa kubwa la makuti lenye umbo la yai. Mgeni anasema "winiajai", yaani nimekuja, na hasogei mpaka ajibiwe. Mtu wa Tanga hafundishwi hodi. Nilichovuruga ni baada ya kukaribishwa. Upande mmoja, tankamash, ni wa wanaume na wageni. Wa pili, ekent, ni wa wanawake na moto wao. Nikamwona mama anakoroga chungu, nikanyanyuka na simu kwenda kupiga picha. Mwongozaji akanidaka mkanda wa suruali, nikarudi kwenye kigoda changu, kifupi hivyo kwamba magoti yanakufika kidevuni kama umekalia mbuzi ya nazi.

Mle chunguni mlikuwa na nijiamanch, pombe ya muhogo. Muhogo unachemshwa, unapondwa, wanawake wanatafuna sehemu yake na kuitemea humo humo ili uchachuke. Najua umekunja uso. Mama analeta bakuli la udongo jembamba, lenye michoro ya mkono, anatumbukiza vidole na kutoa nyuzi kama anayechuja tui, kisha anakupa huku akitazama pembeni. Nawe usimkodolee macho. Mimi situmii kilevi na nilikuwa nimeshasema. Mwongozaji akanieleza kwamba kukataa bakuli ni kumvunjia mwenye nyumba heshima: pokea, gusisha mdomo, kaa nalo. Nikakaa nalo siku zote nne, hakuna aliyenuna. Chakula hakikunipa taabu, kwani samaki wa kufungwa majani na kuchomwa walikuwepo kila siku, na ndizi, na muhogo. Muhogo huu uliletwa kwetu na Wareno kutoka pande hizo hizo, basi nikauliza kama wanapika kisamvu. Swali likatafsiriwa Kihispania, kisha Kiachuar, na lilipofika nyumba nzima ikaangua kicheko. Majani?

Saa kumi alfajiri unaamshwa kunywa wayusa, chai ya majani ya msituni. Unakunywa nyingi, unatoka gizani unatapika, tumbo linakuwa jepesi kwa kazi za siku. Halafu zinasimuliwa ndoto. Mimi nilikuwa nimeota jahazi la babu limekwama mchangani. Mzee akauliza omo, yaani mbele ya jahazi, ilielekea wapi, bara au baharini. Sikukumbuka. Akanyamaza kitambo, akasema leo hatuendi mtoni. Kwenye ratiba ya wakala siku hiyo iliandikwa "pomboo wa waridi". Nilishinda nimekaa karibu na mzee akisuka kikapu, hatuelewani lugha, na ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote.

Sasa wakala. Aliniuzia ngoma, kupakwa rangi usoni na maonyesho ya kuwinda kwa mrija wa mishale; wenyeji hawakuwa na habari na lolote kati ya hayo, na kwa hakika sikuyahitaji. Kilichoniudhi ni pesa. Mvua ilizuia ndege siku mbili, akanitoza siku hizo bei kamili, nikiwa nalala na kula kwa wenyeji. Nikamuuliza mwenyeji kiasi gani kinafika kijijini. Aliniambia kwa kuniamini, kwa hiyo sikitaji, ila niliona aibu. Wapo Waachuar wenye biashara yao ya wageni: nyumba ya wageni ya Kapawi, iliyofunguliwa 1996, walikabidhiwa wenyewe 2008. Ningejua mapema ningeanza kuulizia huko.

Ukienda, beba dola za noti ndogo ndogo, maana Ekuador dola ndiyo pesa yao na chenji kijijini hakuna. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau. Mabuti ya mpira wanakuazima, lakini mimi navaa namba 46 na hawakuwa nayo. Nilitembea msituni na raba zangu, na mpaka leo ziko barazani, mke wangu hataki ziingie ndani.