Miezi minane na kompresa ya chini ya boneti

Njia yangu ya kila wiki ni Mto wa Mbu hadi Engaresero, kule Ziwa Natron. Anayeijua hahitaji maelezo: vumbi la volkano ya Ol Doinyo Lengai laini kama unga wa sembe, mara korongo la mawe, mara vumbi tena. Gari ni Land Cruiser HZJ79 iliyorefushwa, wageni sita na mizigo juu.

Zamani nilikuwa sipunguzi upepo wa tairi. Si kwamba sijui faida yake, tairi laini haizami ovyo vumbini; shida ilikuwa kuurudisha. Kikompresa, yaani kimashine cha kujaza upepo, cha kubana kwenye betri kilinila karibu dakika arobaini kwa tairi nne, wageni wamesimama juani. Kwa hiyo nilikuwa nalazimisha na 40 psi zangu (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) mpaka gari lizame, kisha tunashuka na sepeto.

Na huwezi kushusha upepo ukaacha hivyo hivyo ukifika kwenye mawe. Ekseli ni ngumu mbele na nyuma, na bakuli la difu, lile la gia katikati ya ekseli, ndilo linaloanza kula jiwe. Springi ndefu huinua bodi tu. Bakuli linainuliwa na tairi. Ukiwa na 20 psi umeshaliteremsha, na kuta za tairi zimetuna nje zikisubiri kuchanwa.

Sasa nina kompresa ya mota mbili na mpira wenye vichwa vinne. Unachomeka tairi zote pamoja, upepo unajigawa sawa. Kutoka 20 hadi 38 ni dakika kama nane, injini ikiwa inanguruma. Kwa hiyo nashusha bila kusita, na nikifika korongoni najaza.

Mgeni mmoja Mjerumani alinicheka. Unimog yake, lori la Kijerumani la njia mbovu, hujaza tairi ikiwa inatembea, swichi iko kwa dereva. Ni kweli, hata zile DUKW, malori ya Wamarekani ya nchi kavu na majini, za Vita Kuu ya Pili ziliweza. Lakini Unimog ina gia kwenye vitovu vya magurudumu, ekseli yenyewe imepanda juu, wala haina hofu yangu ya mawe. Tena upepo wake unapita kwenye kiungo kinachozunguka, chenye sili ya kuzuia upepo usivuje. Sili ikichoka Engaresero, utaipata duka gani? Nilimwambia hivyo, naye akacheka zaidi.

Kero zipo. Fundi wa kwanza alipitisha waya karibu na bomba la moshi, ganda likayeyuka na fyuzi ikaungua tukiwa mbali kabisa na lami. Fundi wa pili akaweka waya mnene, fyuzi kando ya betri, hadi leo shwari. Saa nane mchana mashine ikichemka inajizima yenyewe. Fungua boneti, kunywa maji, subiri. Chujio lake nalikung'uta kila safari, kwa vumbi lile hakuna ujanja.

Bei inazidi tairi mbili mpya, ufundi mbali. Ningeinunua tena, ila siku ya kufunga waya nisingeondoka gereji.