Punje moja ya mbaazi: miezi minane na krimu ya tretinoini

Tyubu yenyewe ni ndogo, gramu 20, ya bati laini. Mdomo wake umezibwa, unautoboa kwa ncha iliyo juu ya kifuniko, na kinachotoka ni krimu ya manjano iliyofifia, isiyo na marashi yoyote. Ni dawa ya chunusi, na ubavuni imeandikwa tretinoini, asilimia 0.025. Nililipa shilingi 16,000 kwenye famasi moja hapa Tanga mjini, kwa cheti cha daktari, na tyubu ya kwanza ilinikalia miezi minne. Nalisema hilo la miezi minne mapema kwa sababu kuna dada aliyeandikiwa dawa hiyohiyo wiki moja na mimi, yake akaimaliza kwa siku kumi na sita. Alikuja kwangu uso umevimba, umebabuka hadi shingoni. Alikuwa akiipaka kama losheni, mpaka uso ung'ae.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Kibandani kwangu kuna kioo kirefu cha wateja kujipimia nguo, na cherehani yangu imeelekeana nacho, kwa hiyo kwa miaka saba nimekuwa nikiutazama uso wangu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka magharibi. Chunusi zangu ni za kidevuni na kwenye taya, zile za ndani zinazouma kabla hazijaonekana. Kila moja ikiondoka inaacha doa jeusi la miezi mitatu, minne. Sisi wenye ngozi nyeusi tunajua: chunusi ni mgeni wa wiki, doa ndilo linalohamia.

Kabla ya tretinoini nilipitia kikopo. Wengi mnakijua, kikopo cheupe cha plastiki kisicho na jina wala tarehe, kinachochanganywa nyuma ya duka la vipodozi na kuuzwa kama dawa ya chunusi na madoa. Mkorogo tu. Siku ya tisa uso ulikuwa laini kama wa mtoto, nikawaambia wenzangu wanne wakanunue, na hilo nalijutia hadi leo. Kufika mwezi wa tatu, nikikosa kupaka siku mbili uso unawaka moto. Vikaja vipele vipya kwenye paji la uso na mashavuni, vyote saizi moja kama vimepimwa kwa futi.

Daktari wa ngozi aliponiona aliuliza swali moja tu. "Dada, ulikuwa unapaka nini?" Nikakitoa kikopo kwenye mkoba. Akanieleza kwamba vipele vinavyofanana namna ile mara nyingi ni kazi ya steroidi, dawa inayozima uvimbe na wekundu haraka, lakini ikipakwa usoni siku nyingi inapunguza unene wa ngozi na kuzaa chunusi zake yenyewe. Zebaki na haidrokwinoni, zile za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu miaka mingi sasa, ila kikopo kisicho na jina nani anakikagua? Kwa wiki sita nzima hakuniandikia chochote zaidi ya sabuni isiyo na manukato na losheni ya kawaida, ngozi ipumzike. Zilikuwa wiki ngumu, uso ulizidi kuharibika kabla ya kutulia, na mume wangu ndiye aliyenizuia nisirudi kwenye kikopo.

Ndipo tukafika kwenye tretinoini. Daktari huyu alisomea magonjwa ya ngozi kule hospitali ya KCMC, Moshi, na kabla hajashika kalamu aliniuliza kama nina ujauzito, kama nanyonyesha, na kama napanga kupata mtoto karibuni. Dawa hii ni ya jamii ya vitamini A. Ndugu yake ya kumeza, aisotretinoini, inajulikana kwa kumdhuru vibaya mtoto tumboni. Ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu, hata hivyo mjamzito anaambiwa aiache. Niliona aibu kidogo kuulizwa mambo ya uzazi wa mpango kwa ajili ya chunusi, lakini sasa duka lolote linaloniuzia dawa hii bila kuniuliza swali hilo silirudii.

Kuhusu kiasi, alisema hivi: "Punje moja ya mbaazi, uso mzima. Ukiona inatosha kuonekana nyeupe usoni, umezidisha." Mimi mtu wa Tanga, mbaazi naijua. Punje hiyo unaigawa nukta tano, paji, pua, mashavu mawili na kidevu, kisha unaisambaza kwa kidole. Unapaka hata pasipo na chunusi, kwa sababu kazi yake iko kwenye zile ambazo hazijatoka bado. Alivyonichorea ni kwamba ngozi iliyokufa inaziba tundu la kinyweleo, mafuta yanakwama ndani, vijidudu vinazaliana, panavimba. Tretinoini inaharakisha ngozi kujibadilisha ili tundu lisizibe. Si dawa ya kutonesha juu ya chunusi moja kama tulivyozoea kufanya na dawa ya meno.

Utaratibu wangu ulikuwa huu, na sijaubadilisha. Baada ya isha nanawa uso, najikausha kwa kugusagusa bila kusugua, halafu nasubiri dakika ishirini au thelathini, maana ngozi yenye unyevu inachonyota zaidi. Napaka mafuta ya mgando kwenye pembe za mdomo, pembe za pua na chini ya macho, sehemu ambazo dawa hupenda kujikusanya na kuchoma. Kisha losheni nyepesi, kisha punje yangu, kisha losheni tena. Usiku tu, kwa kuwa mwanga unaiharibu dawa, na tyubu inakaa kwenye boksi lake kabatini, si dirishani. Mwezi wa kwanza ilikuwa Jumapili na Jumatano peke yake.

Wiki ya tatu chunusi ziliongezeka. Nilihesabu saba mpya kidevuni. Nilikuwa nimeonywa kabisa kwamba zile zilizokuwa zimejificha chini hupanda kwa pamoja mwanzoni, na kwamba nisiihukumu dawa kabla ya wiki kumi na mbili. Nilisikia, lakini kioo kile cha kibandani kilinishinda. Nikapaka usiku nne mfululizo, na kiasi nikakiongeza.

Asubuhi ya tano niliamka kwa ajili ya alfajiri, nikachota maji ya kutawadha. Yalipogusa uso nilitoa sauti mpaka mtoto akaamka. Maji tu, ya ndoo, yaliyolala usiku kucha. Ngozi ilikuwa inavuta kama kitambaa kilichoshonwa na uzi uliokazwa mno, magamba yamesimama kuzunguka mdomo, na pembe ya kushoto ilipasuka nilipofungua kinywa kula mhogo. Nilimpigia daktari simu. Akasema niache kila kitu, losheni na mafuta ya mgando tu, hadi maji yasichonyote tena. Zikapita siku tisa. Nikaanza upya, Jumapili na Jumatano, kama mtu ambaye hajawahi kuishika. Pale palipoungua pakaja doa jeusi chini ya mdomo, na doa hilo limefutika mwezi uliopita tu. Hakuna chunusi yangu iliyowahi kuacha doa la muda mrefu hivyo. Kwenye ngozi yetu, muwasho na kubabuka vyenyewe vinatengeneza madoa, kwa hiyo anayeharakisha dawa hii ili madoa yaondoke anayaongeza kwa mkono wake.

Jua nalo. Mimi hushonea barazani, na kuanzia saa nne jua linanipiga upande wa kushoto. Sikulifikiria kabisa mpaka mwezi wa pili, mteja mmoja, mama mtu mzima, aliponiambia, "Mwanangu, mbona shavu hili na hili si la mtu mmoja?" Nikajitazama, kweli. La kushoto lilikuwa limekoza. Mafuta ya kukinga jua nilikuwa nimeandikiwa, kinga 30, lakini nilikuwa nayapaka asubuhi mara moja na kuondoka. Halafu natawadha adhuhuri, natawadha alasiri, yanaenda na maji. Sasa chupa ndogo inakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano, napaka tena kila baada ya udhu, na cherehani nimeigeuza kivulini. Wengi wetu tunadhani mafuta haya ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao. Hapo hapo KCMC Moshi wanawatengenezea yao, na kwao ni suala la uhai, kinga ya saratani. Lakini anayetumia tretinoini naye ngozi yake inakuwa nyepesi kuungua. Lalamiko langu kubwa katika safari nzima ni hapa, kwamba mafuta ya jua yamenigharimu zaidi ya dawa yenyewe, na mengi ya yanayouzwa hapa mjini yanaacha uso mweupe kama umepitiwa na unga wa sembe. Nilijaribu matatu kabla ya kupata moja la maji maji lisiloonekana.

Niliandikiwa pia jeli ya benzoili peroksaidi, ya kuua vijidudu vya chunusi, ya asubuhi, mbali na tretinoini, kwa sababu zikikutana usoni jeli inaidhoofisha tretinoini. Inasaidia. Ila mafundi wenzangu nisikilizeni: inachujua rangi ya nguo. Mtandio wangu wa zambarau umepata mstari wa rangi ya chungwa sawasawa na taya langu, na khanga niliyojifutia ina mabaka. Sasa nanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko kabla sijagusa kitambaa cha mteja.

Mwezi wa tano kaka yangu alioa, na nyumbani kukawa na singo. Shangazi aliponijia na bakuli la liwa na manjano nilimshika mkono. "Shangazi, mwili wote nisugue, uso niachie." Hakufurahi. Singo naipenda, nimekulia ndani yake, lakini kusugua uso wenye tretinoini ni kuchubua ngozi mara mbili. Hivyo hivyo ndimu usoni, na kutoa nywele za juu ya mdomo kwa sukari iliyopikwa. Rafiki yangu alitoa, ngozi ikatoka nayo.

Matokeo? Wiki ya kumi niliona chunusi mpya zinakuja moja moja badala ya makundi. Mwezi wa nne nilikuwa nimefika kila usiku, na kidevu kikawa laini nikikipitishia kidole gizani, jambo ambalo sikuwa nalijua tangu nina miaka ishirini na minne. Madoa yanafifia polepole, mengi yameshaondoka. Mashimo mawili ya zamani kwenye shavu la kulia yapo vilevile, wala daktari hakuniahidi kuyafuta. Dawa si ngeni, Marekani iliidhinishwa kwa chunusi mwaka 1971, na kwa 16,000 sijapata kitu kilichonifaa usoni kuliko hiki. Ningeitafuta tena hata bei ikipanda maradufu, ila kwa daktari, si kwa kikopo, maana siku hizi tretinoini yenyewe nayo inakorogewa humo pamoja na steroidi.

Mwezi huu nimeiacha. Mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili, nikarudi kliniki kabla ya kitu chochote, na daktari amenibadilishia asidi azelaiki, ambayo mjamzito anaruhusiwa. Ni ya taratibu zaidi na inawasha kidogo dakika za mwanzo, nitaieleza nikiijua vizuri.

Tyubu ya tatu imebaki nusu kabatini. Mdogo wangu, miaka kumi na tisa, ameiomba mara mbili. Sikumpa. Nimemwona hana hata losheni, na juzi alikuwa amejipaka ndimu. Jumatano tunapanda daladala wote kwenda kliniki, na kikopo anachokificha chini ya godoro nimemwambia akibebe.